Mgeni njoo, mwenyeji apone: kununua kazi za mikono kwa fundi mwenyewe

SOMO LA ROBO HII

Walengwa: Kamati za parokia na vigango, vikundi vya uzalishaji mali, pamoja na wahisani wanaopanga kututembelea.

Lengo: Mwisho wa somo, kila kamati iweze kumpeleka mgeni kwa fundi, kumsaidia kununua kazi halisi kwa bei ya haki, na kumwonya juu ya vitu visivyofaa kununuliwa.

Maandiko ya kusoma kabla ya kikao: Kutoka 35:30-35; Mithali 20:14; Mithali 31:10-31; Yakobo 5:1-6.

Muda: Vipindi viwili vya saa moja na nusu kila kimoja.

Utangulizi



Kila mwaka mvua zikishakatika na barabara zikikauka, ofisi yetu hupokea wageni kutoka parokia rafiki za ng'ambo na kutoka mikoa mingine ya Tanzania. Wanakuja kuona visima, zahanati na vikundi vya kina mama. Wakikaribia kuondoka, karibu wote huuliza swali moja: "Tununue nini cha hapa, cha kukumbuka safari yetu?"

Kwa miaka mingi tulilichukulia swali hilo kuwa jambo dogo. Tuliwapitisha wageni sokoni, wakanunua walichokiona, gari likaondoka. Somo hili tunaliandika kwa sababu tulijifunza kwa aibu kwamba jambo hilo si dogo.

Siku moja tulikuwa na wageni wanne katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kahama. Mama mmoja mtu mzima alileta kikapu chake, kimesukwa kwa nyasi, kimetiwa nakshi nyekundu na nyeusi. Akasema bei yake ni shilingi 25,000. Mgeni mmoja alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Sisi wenyewe, wenyeji wake, ndio tuliomzuia. Tukamwambia mama kwa Kisukuma kwamba bei ni kubwa mno, kwamba mshono umelegea pembeni, kwamba mjini vipo vya bei nafuu. Jua lilikuwa linazama. Mama akashuka hadi 20,000, akashuka hadi 15,000, mwisho akapokea 12,000. Tulirudi garini tukijiona tumemlinda mgeni wetu asionewe.

Miezi mitatu baadaye tulikwenda kwenye kikundi cha mama yule kufundisha utunzaji wa daftari. Tulipoomba mfano wa bidhaa moja ili tupige hesabu ubaoni, yeye akanyosha mkono. "Tuchukue kile kikapu cha wageni wenu," alisema. Hakusema kwa hasira wala kwa lawama. Alitaka tu kujua kama alipata faida.

Hesabu ya kikapu kimoja

Tuliandika ubaoni mbele ya kikundi chote. Tunaiweka hapa kama ilivyokuwa. Hii ni hesabu ya kikapu kimoja cha mama mmoja, wala si takwimu za mkoa.

Fedha alizotoa mfukoni: rangi shilingi 1,500, nyuzi shilingi 1,000, nauli ya kwenda mjini kununua vitu hivyo na kurudi shilingi 4,000, ushuru wa gulio alikokipeleka mara ya kwanza bila kukiuza shilingi 500. Jumla shilingi 7,000.

Muda alioutumia: asubuhi moja ya kukata na kuchambua nyasi, saa 4, jioni 13 za kusuka baada ya kazi za nyumbani, saa 2 kila jioni. Jumla saa 30.

Alipouza kwa shilingi 12,000 alibaki na shilingi 5,000. Ukigawanya kwa saa 30, alipata kama shilingi 167 kwa saa moja. Tukawauliza kina mama, kibarua cha palizi msimu ule kililipwa kiasi gani kijijini kwao. Wakajibu kwamba ni shilingi 5,000 kwa siku. Yaani kikapu cha jioni 13 kilimpa sawa na siku moja ya jembe.

Kama tungenyamaza na mgeni akatoa 25,000, mama angebaki na shilingi 18,000, sawa na shilingi 600 kwa saa. Hata hiyo si bei ya kumtajirisha mtu. Bei aliyoitaja mwanzo haikuwa ya kumwibia mgeni; ilikuwa bei ya kazi.

Hapo ndipo tulipolielewa neno la Mithali 20:14, kuhusu mnunuzi anayeiponda bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Tulikuwa tumelisoma mara nyingi. Hatukuwahi kudhani kwamba linatuhusu sisi.

Zoezi: Kabla ya kuendelea, kila kikundi kichague bidhaa moja inayotengenezwa katika eneo lake na kupiga hesabu kama hii. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa nini jambo hili ni zito hapa kwetu

Ukanda wetu unajulikana kwa kilichomo chini ya ardhi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kuanzia miaka ya 1930, ikasimama katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Lakini tumeona pia mgodi ukifika mwisho: Buzwagi ulisimamisha uchimbaji mwaka 2021, na wengi katika Kahama waliotegemea ajira na biashara zake wakalazimika kuanza upya.

Pembeni ya migodi mikubwa kuna wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Wanaume hushuka kwenye maduara. Kina mama wengi huponda mawe, huosha mchanga kwenye mialo au huwapikia wachimbaji. Kazi ya kuponda mawe ina vumbi linaloharibu mapafu, na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni sumu kwa mama na kwa mtoto aliye tumboni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini mama mwenye watoto wanaohitaji madaftari hawezi kuuacha mwalo kwa sababu ya mkataba. Ataacha akiwa na njia nyingine ya kupata fedha.

Hapo ndipo kikapu, chungu na mkeka vinapoingia. Hatusemi kwamba kazi za mikono zitachukua nafasi ya dhahabu. Tunasema kwamba kwa baadhi ya familia, shilingi 18,000 badala ya 5,000 ndiyo tofauti kati ya mama kukaa nyumbani akisuka jioni na mama kwenda kuponda mawe akiwa na mtoto mgongoni.

Na ufundi huu si wa jana. Zamani sana kabla ya mashine za migodi, wahunzi Warongo wa Uzinza, katika maeneo ambayo leo yamo Geita na jirani zake, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe hayo yaliuzwa Usukuma na Unyamwezi, na yalikubalika hata kulipia mahari. Tangu zamani hizo, watu wa ukanda huu wamejua kwamba mkono wenye ujuzi ni mali.

Mafundi wetu na kazi zao

Kamati iwajue mafundi wa eneo lake. Katika ziara zetu tumekutana na hawa:

Wasusi. Vikapu vya nyasi vya kuzungusha, mikeka, vifuniko vya vyakula. Wengi ni kina mama, na husuka zaidi wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekomaa na kazi za shamba zimepungua. Baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, vikapu vya sokoni vilipata nafasi mpya, na wako waliorudia ufundi waliokuwa wameuacha.

Wafinyanzi. Vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vyetezo. Hivi ni vizito na huvunjika njiani, kwa hiyo mgeni wa ndege hununua vidogo.

Wachongaji. Vigoda, miiko, vinu vidogo, ngoma, na sanamu za watu zinazotumika katika mashindano ya ngoma za Kisukuma.

Wahunzi na mafundi ngozi. Visu, kengele za ng'ombe, njuga za wachezaji, mikanda, viatu vya ngozi, na katambuga zinazokatwa kutoka matairi chakavu. Mgeni mmoja alituambia katambuga zake ndizo zawadi pekee anayoivaa kila siku.

Washona shanga. Mikufu, bangili na mapambo ya ngoma.

Kwa anayetaka kujifunza kabla ya kununua, tunashauri aanzie Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Hapo Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, pamoja na waumini Wasukuma, walianzisha kituo cha utamaduni na makumbusho ya Wasukuma. Mgeni ataona viti vya watemi, ngoma, zana za wahunzi na mavazi ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Kila mwaka karibu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mara nyingi mwezi Juni, vyama hivyo hushindana katika sherehe ya Bulabo. Mgeni aliyepita Bujora huja kijijini akiwa na macho. Anajua kikapu kinatumika kufanya nini, na hamuulizi fundi maswali ya kumdharau.

Kutambua kazi halisi

"Halisi" ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba kitu kimetengenezwa kwa mkono na aliyesemwa kukitengeneza. Ya pili ni kwamba kimetengenezwa vizuri. Kitu kinaweza kuwa cha mkono na kikawa kibovu.

Kwanza, asili. Wauzaji wengi wa mijini huuza vinyago vya Kimakonde na picha za Tingatinga na kumwambia mgeni kuwa ni "za hapa". Ni kazi nzuri za Watanzania wenzetu, lakini si za Shinyanga. Uchongaji wa Kimakonde ni wa kusini, na uchoraji wa Tingatinga ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Mgeni akitaka kuvinunua anunue, ila aambiwe ukweli. Dalili ya fundi wa kweli ni rahisi: mwombe akuonyeshe kazi ambayo haijakamilika. Msusi atakuwa na kikapu kilichofika nusu, mchongaji atakuwa na gogo na vumbi la mbao miguuni. Mchuuzi atakuonyesha rundo la vitu vilivyokamilika na vinavyofanana.

Pili, ubora. Haya ndiyo majaribio tuliyofundishwa na mafundi wenyewe:

Kikapu: kinyanyue dhidi ya mwanga; mishono ikaribiane, mwanga usipenye kwa wingi. Kiweke juu ya meza, kisicheze. Sugua rangi kwa kitambaa kilicholowa, isitoke.

Chungu: kigonge kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Kigoda na ngoma: kipime kwa mkono. Kikiwa kizito kupita kiasi, mti bado mbichi na utapasuka ukifika kwenye nchi kavu au nyumba yenye joto. Ngozi ya ngoma isiwe na harufu ya kuoza wala mayai ya wadudu.

Shanga: vuta uzi kidogo. Uzi wa nailoni hudumu kuliko uzi wa cherehani.

Mtu akikuta kasoro, aiseme kwa upole na kwa ajili ya kumfundisha fundi, asiitumie kama fimbo ya kushusha bei. Tofauti ya mambo hayo mawili fundi huijua mara moja.

Namna ya kupatana bei

Wageni wengi wameambiwa kwamba Afrika kila kitu hupatanwa. Ni kweli kwamba mapatano ni sehemu ya gulio letu, tena yana utani na urafiki ndani yake. Lakini mapatano ya haki huwa kati ya watu wanaokutana tena wiki ijayo, wanaojua bei, na ambao kila mmoja anaweza kuondoka. Mama tuliyemsimulia hakuweza kuondoka. Giza lilikuwa linaingia na mgeni angepanda ndege kesho yake.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui. Kwetu miezi ya kuanzia Januari hadi Machi, chakula cha ghalani kikiwa kimepungua na mavuno bado, fundi hukubali bei yoyote. Anayenunua kwa bei ya chini miezi hiyo ananunua njaa ya mtu. Yakobo anatuonya juu ya ujira uliozuiliwa unaolia mbele za Mungu.

Tulikubaliana na vikundi tunavyofanya navyo kazi juu ya taratibu hizi:

1. Kikundi chenyewe hupanga bei kwa kutumia daftari, na kuziandika kwenye karatasi ndogo inayofungwa kwenye bidhaa.

2. Mfanyakazi wetu, dereva au mwanakamati haruhusiwi kupatana bei kwa niaba ya mgeni. Atatafsiri tu.

3. Mgeni hulipa mkononi mwa fundi mwenyewe. Akilipa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, aongeze na ya kutolea. Shilingi chache kwake ni nauli kwa mwingine.

4. Mgeni asizidishe bei kupita kiasi kwa huruma. Tumeona mgeni akimpa mama mmoja mara nne ya bei. Kesho yake kikundi kizima kiligombana, na mnunuzi wa kawaida akafukuzwa kwa bei mpya. Anayetaka kusaidia zaidi atoe mchango wake kwenye mfuko wa kikundi, kwa stakabadhi.

5. Picha huombwa. Mtu anunue au asinunue, fundi ana haki ya kukataa kupigwa picha.

6. Salamu kwanza. Tunawafundisha wageni wetu maneno matatu tu: mwangaluka asubuhi, mwadila kuanzia mchana, na wabeja kwa kushukuru. Mgeni anayesema wabeja hupewa kiti.

Vipi kuhusu mchuuzi? Tusimhukumu haraka. Mchuuzi anayechukua vikapu 30 kijijini kwa fedha taslimu, akavibeba juu ya basi hadi Mwanza na kukaa navyo miezi miwili, naye amefanya kazi. Ubaya uko pale anapoficha bei ya mjini, au anapomkopesha fundi wakati wa njaa ili aje achukue kazi bure. Kununua moja kwa moja kwa fundi kunasaidia hata wale wanaoendelea kumuuzia mchuuzi, kwa sababu sasa wanajua kitu chao kina thamani gani.

Visivyonunuliwa

Kamati ina wajibu wa kumlinda mgeni asiingie matatani, na kumlinda fundi pia.

Nyara za wanyamapori. Pembe za ndovu, ngozi za chui au chatu, magamba ya kakakuona, miiba ya nungunungu, manyoya na kucha. Baadhi ya vyama vya ngoma huvaa vitu hivi, na mgeni huvitamani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unadhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mgeni atakamatwa uwanja wa ndege, na aliyemuuzia atafuatwa kijijini.

Dhahabu na almasi za mkononi. Kijana akimnong'oneza mgeni Katoro au Maganzo kwamba ana "mzigo", jibu ni hapana. Madini ghafi huuzwa kwenye masoko rasmi ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019. La Geita lilifunguliwa mwezi Machi mwaka huo. Anayetaka pete anunue kwa sonara mwenye duka na leseni, na aondoke na risiti.

Vitu vya kale na vya ukoo. Kigoda cha babu, ngoma ya mtemi, vifaa vya matambiko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti kuvitoa nchini. Hata pasipo sheria, kitu kilichouzwa na kijana mmoja wakati wa shida ni mali ya ukoo mzima. Mgeni amwombe mchongaji amtengenezee kipya. Hapo fundi anapata kazi na ukoo unabaki na urithi wake.

Tulipokosea mara ya pili

Wahisani wetu wanapenda kusikia mafanikio. Tunadhani ni haki yao kusikia na hili.

Baada ya kuweka taratibu mpya, parokia rafiki moja iliagiza vikapu 40 kwa mpigo. Tulifurahi, tukakubali bila kuwauliza kina mama kwa kina. Agizo lilifika mwezi Oktoba. Mvua zikaanza, jembe likaita. Nyasi za karibu zilikuwa zimeisha, wakalazimika kutembea mbali. Wengine walisuka usiku kwa haraka ili kutimiza idadi. Mwisho tulipata vikapu 22, na kati ya hivyo 6 vilikuwa vimelegea. Walioagiza walisikitika, na kina mama walisikitika zaidi kwa sababu hakuna aliyewatangulizia fedha za rangi.

Tukajifunza mambo matatu. Agizo litolewe mapema, mwezi wa tano au wa sita, likamilike kabla ya mvua. Nusu ya malipo itangulie. Na kila kikundi kitenge eneo la nyasi na kulilinda, kama wazee wetu walivyolinda ngitili. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wananchi wa Shinyanga kuzirudisha ngitili nyingi zilizokuwa zimepotea. Nyasi za kusukia zinaweza kuwa sehemu ya faida yake, kama kamati za vijiji zitakubaliana juu ya lini na kiasi gani cha kukata.

Mfano kutoka mbali

Mwaka 1946 mama mmoja Mmenonaiti wa Marekani, Edna Ruth Byler, alisafiri kwenda Puerto Rico. Huko aliwakuta kina mama maskini waliokuwa hodari wa kudarizi lakini hawana soko. Alinunua kazi zao, akazipakia kwenye gari lake huko kwao na kuziuza kwa majirani na kwenye vikundi vya kanisa. Kutokana na safari ile ya mtu mmoja lilizaliwa shirika linaloitwa Ten Thousand Villages. Mwaka 1949 Kanisa la Ndugu la Marekani likaanzisha SERRV kwa ajili ya kuuza kazi za wakimbizi wa vita. Biashara ya haki, ambayo leo ina maduka na alama zake duniani kote, ilianzia kwa kiasi kikubwa kwa waumini waliosafiri, wakanunua kwa haki, kisha wakarudi tena. Neno muhimu hapo ni kurudi. Ununuzi wa mara moja ni zawadi nzuri, lakini fundi anaweza kupanga maisha yake akiwa na mnunuzi anayerudi.

Hatua kwa kamati za parokia

1. Andikeni orodha ya mafundi wa parokia: jina, kazi, kijiji, miezi anayofanya kazi hiyo. Orodha ikae ofisini kwa paroko, na kila fundi akubali kuwekwa humo.

2. Mgeni akitarajiwa, tengeni nusu siku ya kumtembelea fundi nyumbani au penye kikundi. Msimbebeshe fundi bidhaa hadi ofisini kwenu. Akiwa kwake ana nguvu ya kusema hapana.

3. Zungusheni zamu, ili wageni wasipelekwe kila mara kwa ndugu wa mwenyekiti. Hili tunalitaja kwa sababu limetokea.

4. Saidieni vikundi kupata mafunzo na mikopo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ipo kwa ajili ya viwanda vidogo, na halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

5. Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa mwezi Juni 2025, na msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko. Parokia za kandokando ya barabara hiyo zifikirie kibanda cha pamoja chenye bei zilizoandikwa.

Hatua kwa wahisani na wageni

Njooni na noti ndogo. Achieni nafasi kwenye mizigo yenu. Ulizeni jina la fundi na mliandike, ili mtakapompa mtu zawadi mweze kumwambia nani aliitengeneza. Mkipenda kitu, msisubiri dakika ya mwisho mkiwa garini. Na mkirudi nyumbani, andikeni barua fupi kueleza kikapu kinaendeleaje: kama rangi imetoka, kama mpini umekatika. Kina mama wetu huzisoma barua hizo kwa sauti kwenye kikao.

Maswali ya kujadili

1. Katika Kutoka 35, ujuzi wa Bezaleli na Oholiabu unaelezwa kuwa umetoka kwa Mungu. Je, parokia yetu huwaheshimu mafundi wake kama inavyowaheshimu walimu na wanakwaya?

2. Mwanamke wa Mithali 31 hutengeneza na kuuza, na anajua kwamba biashara yake ina faida. Ni mama wangapi katika jumuiya yetu wanaoijua faida yao? Nani atawafundisha daftari?

3. Ni lini sisi wenyewe tuliponda kazi ya mtu ili tuipate kwa bei nafuu? Tunaweza kufanya nini sasa?

4. Katika eneo letu, ni mali gani ghafi, kama nyasi, udongo au miti, inayoweza kuisha tukiuza zaidi? Tutailindaje?

5. Mgeni mwenye huruma anataka kumpa fundi mmoja fedha nyingi. Tumjibu nini bila kumkatisha tamaa?

Kumalizia

Mama tuliyemsimulia bado anasuka. Tulipomaliza hesabu ile ubaoni, kikundi kilinyamaza kwa muda. Kisha tukamwomba msamaha mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba zile shilingi 13,000 tulizozishusha tungependa kuzirudisha. Alikataa kuzipokea kama msaada. Akasema, "Basi agizeni kikapu kingine, wanangu, na safari hii msiseme pembeni kumelegea." Tukaagiza. Kiko ofisini kwetu, juu ya kabati la mafaili, na karatasi ya bei bado imefungwa kwenye mpini: 25,000.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwombe Mungu tuwe wenyeji tunaomwacha mwenyeji mwenzetu apone kweli.